Bi Vipande na Muhogo wa Siku Kumi

Kituoni kulikuwa na madaktari watatu wa mimea, mashine nne zilizofunikwa vitambaa zisiingie vumbi, na mwanamke mmoja mwenye kisu. Wageni walionyeshwa mashine. Lakini mihogo ikishakaa rafuni muda wake na saa ya kujua ukweli ikifika, mashine ziliachwa zilale na sauti ikasikika kwenye korido: "Bi Vipande yuko wapi?"

Jina hilo alilipata kwa ajili ya kazi, akalichukia miaka miwili na kulizoea ishirini. Kazi yenyewe si ya kujisifia harusini. Kila muhogo uliovunwa kwa majaribio ulikatwa ncha zote mbili, ncha ya chini ikafungwa plastiki, ukalazwa kwenye rafu ya waya. Siku zake zikitimia, Bi Vipande aliukata vipande saba, akavitazama kimoja kimoja, na kukipa kila kipande alama. Kikiwa cheupe kama kilivyotoka ardhini, sifuri. Kikiwa kimejaa mistari ya bluu na nyeusi kiasi kwamba hata mbuzi angekipita, kumi.

Maana muhogo una hasira za karibu. Unauchimba leo, keshokutwa hauuziki. Watu husema umeoza, kumbe haujaoza, hakuna ukungu wala mdudu aliyeingia. Umejidhuru wenyewe. Ukitenganishwa na shina lake unashtuka, na katika kushtuka huko ndani yake kunazuka oksijeni kali inayounguza kila inachogusa. Muhogo una askari wa kuituliza, nao ni vimeng'enya, kama kile kiitwacho katalasi. Kila kimeng'enya kina jeni yake, yaani maelekezo ya namna ya kukitengeneza, ambayo mmea umerithi kwa wazazi wake. Shida ni kwamba mihogo mingi huyasoma maelekezo hayo imeshachelewa, na askari wanafika nyumba imeshateketea.

Bi Vipande aliyajua haya kabla hajajua jina la hata jeni moja. Mama yake alikuwa akibeba beseni la mihogo kichwani hadi sokoni. Mvua ikiwazuia wanunuzi siku moja, alirudi nalo, na siku iliyofuata alilimwaga lote shimoni nyuma ya nyumba huku akiimba kwa sauti, ili wanawe wasijue kwamba analia. Wanawe walijua.

Kituoni aliingia na ufagio. Siku moja, akideki chumba cha rafu, alimsikia fundi mwenye stashahada akitaja alama, akashindwa kujizuia. "Hicho si tatu, ni tano. Kigeuze uone mgongoni." Fundi alimwambia ashughulike na ndoo yake. Mkuu wa kituo wa wakati huo, mzee mpole, alikigeuza kipande, akakiona, akamkalisha huyo mama wa ufagio mbele ya sinia tatu. Kesho yake akamletea sinia zilezile zimechanganywa. Alama zikawa zilezile. Tangu hapo ufagio ukapata mwenyewe mwingine.

Alikuwa na mwiko mmoja ambao wenzake waliucheka. Namba za sinia ziliandikwa upande wa chini, na orodha ya kilichotoka wapi ilifungiwa kwenye bahasha, haifunguliwi mpaka alama zote ziishe. Hilo lilikuwa sheria ya kituo. Yeye aliongeza la kwake: msimu wa majaribio hakukanyaga shamba. Hakutaka jicho lake lijue mmea upi unapendwa na nani. Watu walisema anaogopa jua, naye aliwaacha waseme.

Ukitaka kujua kosa lilipitia wapi, lilipitia hapo hapo kwenye mwiko huo.

Daktari aliyekuwa akiongoza kazi ya mihogo alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Miaka mitano alikuwa akizalisha mihogo na kuchagua, akisoma jeni za kila mche, akitafuta ule ambao jeni zake za katalasi huamka upesi unapojeruhiwa. Maelfu ya miche ilitupwa. Ikabaki mmoja ulioitwa Namba Nane. Ulipandwa bega kwa bega na muhogo ambao kila mtu analima, ambao kituoni waliuita Ya Kawaida. Ikavunwa yote miwili, ikalazwa rafuni siku kumi.

Siku ya kumi Bi Vipande alikata asubuhi nzima. Sinia nyingine zilimpa tisa, kumi, tisa, mpaka mkono ukachoka kuandika. Nyingine zilimpa sifuri. Alizigeuza, akazisogeza dirishani, akavaa miwani, akavua miwani. Sifuri. Bahasha ilipofunguliwa, zile nyeupe zote zilikuwa Namba Nane. Daktari alimkumbatia mlinzi wa getini, jambo ambalo mlinzi analisimulia hadi leo. Bi Vipande alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa akalia mbele za watu bila kufunika uso, halafu akampigia simu mdogo wake, ambaye alilima na kuuza mihogo palepale alipouzia mama yao.

"Siku kumi?" mdogo wake alisema. "Dada, umekunywa?"

"Kumi. Nimekata kwa mkono wangu."

"Basi nang'oa shamba zima. Napanda hiyo. Niwekee mbegu, usinifanyie mambo ya watu wa ofisini."

Jumatatu, kazi ya kukata ikiwa imekwisha, mwiko wake ulimruhusu kwenda shambani. Nyapara wa shamba alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa utani asiyejua kukaa kimya.

"Shemeji! Leo umepatana na jua?"

"Limeniomba radhi," alisema, kisha akasimama, kwa sababu alikuwa amefika kwenye ploti. Nusu ya mimea ilikuwa haijavunwa. Ya Kawaida ilisimama juu kumpita kichwa. Namba Nane ilikuwa vishina vya kufika magotini, vimechipua majani machanga. "Hizi mbona fupi?"

"Nimezinyoa."

"Lini?"

"Wiki mbili kabla ya kuvuna. Daktari anataka pingili mia tano za kuwagawia wakulima siku ya wageni, na mimea yenyewe unaiona ilivyo michache. Nikakata mashina mapema, nikayaweka kivulini."

"Na Ya Kawaida hukukata?"

"Nani anataka pingili za Ya Kawaida, shemeji? Kila mtu anazo kwake."

Bi Vipande alichuchumaa kwenye tuta. Katika madaftari ya zamani ya yule mzee mpole kulikuwa na ukurasa aliousoma mara nyingi: muhogo ukikatwa shina wiki mbili kabla ya kuchimbwa, mzizi hushtukia palepale ardhini, askari wake huamka ukiwa bado nyumbani, na siku ya kuchimbwa unatoka umejiandaa. Ndiyo maana taratibu zilisema kinachopimwa kivunwe na mashina yake. Daktari alizijua taratibu, lakini alikuwa maabara akisoma jeni. Bi Vipande alizijua, lakini alikuwa akilinda jicho lake. Nyapara alikuwa shambani, ila hakuna aliyewahi kumweleza sababu. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa, na uongo ukazaliwa katikati yao bila baba.

Ofisini, Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa umchukie. Alizungusha kalamu.

"Jeni ipo," alisema. "Nimeiona. Katalasi inapanda, vipimo vinaonyesha. Hilo halihitaji panga la mtu."

"Sijasema haipo. Nasema hatujui inafanya siku ngapi. Kumi si zake peke yake."

"Wageni wanakuja baada ya wiki nne. Ripoti imeshaandikwa, imebaki sahihi yako." Alimsogezea fomu. "Alama ulizoweka ni za kweli au si za kweli?"

"Ni za kweli."

"Basi."

Hapo kweli alimbana Bi Vipande. Aliinamia fomu. Alama zilikuwa zake, moja baada ya nyingine. Juu yake kulikuwa na mstari mmoja uliopigwa chapa: "Namba Nane hukaa siku kumi kutokana na jeni zake." Akaisukuma fomu ikarudi upande wa pili wa meza.

"Alama ni zangu," alisema. "Huu mstari si wangu. Na mimi nikitia sahihi natia ya karatasi nzima."

"Mama, mkataba wako unaisha mwezi wa mwisho wa mwaka. Mimi ndiye ninayeandika barua ya kuomba uongezwe."

"Najua ni wewe."

"Kazi yako ni kukata."

"Ndiyo hiyo ninayokuja kuifanya upya," alisema, akainuka.

Alitoka na hasira kuliko woga, ingawa woga ulikuwepo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na nne, na kituo hakikuwa na foleni ya watu wanaotafuta wakata mihogo wazee. Lakini kila alipowaza barua ya mkataba, alimwona mdogo wake ameshika jembe, anang'oa shamba zima kwa neno lililotoka mdomoni mwa dada yake. Alimpigia simu akamwambia asing'oe kitu. Mdogo wake akauliza kuna nini. "Nitakwambia nikishajua," alisema. Simu ikakatwa upande wa pili bila kuaga.

Kila shamba la majaribio lina mistari ya pembezoni, inayopandwa kukinga ya katikati na upepo na panya, na hakuna anayeihesabu. Namba Nane ya pembezoni ilikuwa haijaguswa na panga. Bi Vipande alimfuata nyapara.

"Nataka ninyoe nusu ya mistari ya pembezoni. Namba Nane nusu, Ya Kawaida nusu. Nyingine tunaiacha na nywele zake. Wiki mbili, tunachimba zote."

"Daktari amesema?"

"Hajasema."

Utani ulimwisha shemeji. "Mimi nina watoto wanasoma."

"Basi nipe panga, wewe nenda ukanywe chai."

Alimpa. Hakwenda kunywa chai, alisimama pembeni akimwangalia mwanamke huyo akikata mashina vibaya, juu mno, mkono wa kisu usiojua panga. Mwishowe alimnyang'anya. "Unaharibu macho ya mmea," alisema, akazinyoa mwenyewe safu zote za ile nusu. Bi Vipande aliingia ofisi ya shamba, akafungua daftari la mavuno ambalo Daktari hulisoma kila Ijumaa, akaandika tarehe, safu, idadi ya mimea na sababu. Kisha akaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa. Kama ni kuiba, aliiba kwa risiti.

Ijumaa Daktari alimwita.

"Umekata muhogo wangu."

"Wa pembezoni. Usiohesabika."

"Na nani amekusaidia?"

"Nimeandika jina moja, Daktari. Umelisoma."

Angeweza kuwatuma watu wakafyeke zile safu siku ileile. Hakutuma. Labda alikuwa na shughuli za wageni. Labda na yeye, mahali fulani chini ya shati lililopigwa pasi, alitaka kujua.

Wiki mbili zilipita, wakachimba. Mafungu manne yakalala rafuni: Namba Nane iliyonyolewa, Namba Nane yenye mashina yake, Ya Kawaida iliyonyolewa, Ya Kawaida yenye mashina yake. Nyapara ndiye aliyezipa sinia namba za chini na kuandika orodha, akaifunga, akaikalia bahasha kama kuku anayeatamia. Siku ya nne Bi Vipande alifungua baadhi ya mihogo. Fungu moja lilikuwa limeshaharibika. Matatu yalikuwa meupe. Aliandika, akafunga mdomo. Siku ya saba alikata iliyobaki, akapanga sinia nne kwenye toroli la maabara na kulisukuma korido nzima, magurudumu yakilia, hadi mlangoni kwa Daktari. Aliingia bila kubisha.

"Safari hii unakadiria wewe," alisema. "Usije ukasema jicho langu lina kinyongo."

"Sijakadiria miaka mingi."

"Nyeupe na nyeusi hazijabadilika."

Daktari alitazama mlango, akatazama toroli. Kisha, na hili lazima ahesabiwe, alikunja mikono ya shati. Alianza taratibu kama mtu anayepima maji kwa mguu, kisha mwanasayansi aliyekuwa ndani yake akaamka, akaanza kugeuza vipande na kuvisogeza dirishani. Sinia ya kwanza, moja. Ya pili, tisa. Ya tatu, sifuri. Ya nne alisita sana, akaandika sita. Bi Vipande alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, na kila alama aliyoiandika Daktari ilikuwa ileile ambayo yeye angeiandika. Nyapara aliitwa aje na bahasha yake ya moto.

Tisa ilikuwa Ya Kawaida yenye mashina. Hiyo hata mtoto angebashiri. Sita ilikuwa Namba Nane yenye mashina: nyeupe siku ya nne, imeingia bluu siku ya saba. Sifuri, Namba Nane iliyonyolewa. Na ile moja, sinia nzuri ya kwanza ambayo Daktari mwenyewe alikuwa ameisifu, "hii safi hii," ilikuwa Ya Kawaida iliyonyolewa. Muhogo wa kila mtu. Muhogo wa mama yao.

Daktari aliketi. "Panga," alisema.

"Panga," nyapara alikubali kwa unyenyekevu.

"Miaka mitano nimetafuta jeni." Alifuta mikono kwa leso, kidole kwa kidole. "Wataniuliza nilikuwa nafanya nini."

"Waambie umeipata na inaleta siku nne badala ya mbili," Bi Vipande alisema. "Mimi mama yangu angekupigia vigelegele kwa hizo mbili za nyongeza. Ila usiwaambie kumi."

Daktari aliikunja karatasi ya alama zake, akaitia mfukoni. Hakusema ndiyo wala hapana, na siku tano zilizofuata hakumsemesha.

Siku ya wageni turubai lilifungwa mbele ya maabara. Kulikuwa na viti vya mbele vya wakubwa, mabenchi ya wakulima, na meza ndefu yenye mafungu ya pingili yaliyofungwa kamba, kila fungu na kikaratasi: NAMBA NANE. SIKU KUMI. Bi Vipande aliviona vile vikaratasi kabla ya hotuba, akajua jibu lake. Mdogo wake alikuwa benchi la tatu na hakumsalimia. Mgeni mkuu alikuwa na ripoti magotini.

Daktari alisimama, akaeleza jeni, askari na moto, akaeleza vizuri, watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akasema, akiangalia juu ya vichwa vyao, "Na muhogo huu, ndugu zangu, hukaa siku kumi." Makofi yakapigwa.

Bi Vipande hakungoja yaishe. Alisimama kutoka kwenye viti vya wafanyakazi na koti lake jeupe.

"Hukaa nne," alisema. "Msing'oe mashamba yenu kwa ajili ya kumi. Zile kumi ni kwa sababu mashina yalikatwa wiki mbili kabla ya kuchimba. Tulikosea, na mimi nilikuwa wa kwanza kuwapigia watu simu."

Makofi yalikatika. Mgeni mkuu aligeuka. "Wewe ni nani hapa?"

"Mimi ndiye mkadiriaji. Fungua ukurasa wa mwisho, utaona sijatia sahihi."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. Mgeni mkuu alisoma, akamwinulia Daktari macho. "Ni kweli haya?"

Jibu hilo lilikuwa la Daktari peke yake. Angeweza kusema mama huyu amechoka, amezeeka, ana kinyongo cha mkataba, na nusu ya turubai wangemwamini. Aliingiza mkono mfukoni, akautoa na karatasi iliyokunjwa. "Kweli," alisema. "Alama hizi ni za mkono wangu."

Benchi la tatu mtu alisimama. "Hayo ya kukata mashina," mdogo wake aliuliza, akiangalia dada yake tu, "ni kwa Namba Nane peke yake?"

"Muhogo wowote. Ugumu wake kidogo unaongezeka kwenye sufuria, na unga unapungua kidogo. Lakini siku saba tumeuona mweupe."

"Hata wangu?"

"Hata wako."

Mdogo wake alikung'uta nguo yake. "Basi mimi naenda. Panga ninalo," akasema, watu wakacheka, na kweli akaondoka. Wengine wanane au tisa wakamfuata, wakapita kando ya ile meza ndefu bila kugusa fungu. Waliobaki walipanga foleni ya pingili, na nyapara alisimama mezani na kalamu, akikata neno KUMI na kuandika NNE, fungu moja baada ya jingine, huku akiwatania akina mama kama kawaida yake.

Daktari alimkuta Bi Vipande amesimama kwenye ngazi za maabara. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

"Umenimaliza," alisema.

"Sijakumaliza, Daktari. Nimekupunguzia siku sita. Hizo nne ni zako kweli, na nyingine hukuwa nazo."